Wewe ni wa Ikiaro Gani?

Mzee wa Kikurya akipigiwa hodi na mgeni, humuuliza kwanza ni wa ikiaro gani, yaani ukoo gani, ndipo asikilize kilichomleta. Waliobuni barua pepe hawakuuliza. Kanuni alizoandika Jon Postel mwaka 1982 zilimpokea kila mtumaji kwa kauli yake: ukijiita benki, umekuwa benki. Wakati huo barua taka zilikwishaanza, kwani mwaka 1978 Gary Thuerk, muuza kompyuta wa Marekani, aliwatumia watu karibu 400 tangazo moja kwa mkupuo.

Kwenye barua pepe swali la mzee lilichelewa mno. SPF, iliyochapishwa 2006, inamtaka mwenye kikoa (domain) atangaze seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM, ya 2007, inaigongea barua muhuri wa kidijitali. DMARC ya 2012 inamwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa mtihani. Matapeli nao hawakulala: walisajili vikoa vyao wenyewe, wakatimiza masharti yote, na taka zikaanza kufika zikiwa na muhuri halali. Mgeni ametaja ukoo wake kweli, lakini bado ni mwizi wa ng'ombe.

Turwa, mjini Tarime, tumeyaona hayo kwenye simu. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, njia ya pesa ikawa pia njia ya ulaghai, hadi "ile hela tuma kwenye namba hii" ikajulikana na kila mtu. Mwaka 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole. Ujumbe ule haukukoma. Bibi akienda kusajili laini anaambiwa kidole hakijasoma, aweke tena. Kumbe laini ya pili inasajiliwa kwa jina lake. Jambo hili linaniuma, maana tapeli akisakwa, jina litakaloonekana ni la bibi. Hakiki laini zako kwa *106#, na uripoti namba za matapeli kwa 15040.

Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwabana wanaotuma barua kwa wingi (kwa Google, takriban 5,000 au zaidi kwa siku): wathibitishe vikoa vyao, na malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3. Sasa mtumaji anapimwa pia kwa mwenendo. Wakala makini wa M-Pesa hapa Turwa alikwishafika huko. Ujumbe wa "umepokea" ukiingia, anasoma jina la mtumaji, kisha anafungua menyu na kutazama salio, ndipo anapohesabu noti.