Nasaba ya Nyota Uhura

Siku ya 8 Septemba 1966, shirika la NBC la Marekani liliporusha sehemu ya kwanza ya tamthilia ya safari za angani iitwayo Star Trek, sisi watu wa nyanda za kati hatukuwa na habari nayo wala njia ya kuipata. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, na Uganda tangu 1963. Lakini serikali ya Tanzania Bara, ikiwa na shule za kujenga na visima vya kuchimba, ilikihesabu chombo hicho kuwa ni anasa, ikaridhika na redio. Zanzibar ilitangulia mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi, ilhali Bara ilingoja mpaka 1994, stesheni za watu binafsi, ITV miongoni mwao, zilipoanza matangazo. Naitaja tarikhi hiyo kwa kuwa ndiyo iliyoamua namna mkazi wa Ipagala, hapa Dodoma, anavyokutana na hikaya ndefu za ugenini: huzikuta zimekwisha zaa na kujukuu, akaanza na mjukuu.

Katika chombo cha angani cha tamthilia ile, zamu ya kupokea na kupeleka habari ilikuwa mikononi mwa afisa mwanamke mweusi, Luteni Uhura. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alikuja kujaribiwa akiwa na riwaya ya Robert Ruark iliyotolewa 1962, yenye kuhusu Kenya ya wakati wa kukaribia kujitawala, na jina la kitabu hicho lilikuwa Uhuru. Mwanzilishi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda, likabadilishwa herufi ya mwisho, akavishwa nalo mhusika huyo. Basi neno lililokuwa likiimbwa mikutanoni Dar es Salaam na Nairobi likapata maskani katika karne ya ishirini na tatu, wakati wa hikaya ile.

Lakini jina tu halimtoshi mtu. Kwetu mgeni akiisha kutaja jina lake huulizwa ni mwana wa nani na wa wapi, na asipojibu huonekana kama aliyesimama mlangoni bila kuingia. Katika sehemu zote 79 za tamthilia ile, mpaka ilipokoma Juni 1969, Uhura hakuulizwa. Hakupewa jina la kwanza, wala mama, wala mji. Kazi yake aghalabu ilikuwa kumwarifu nahodha kwamba mawasiliano yako wazi, na Nichols mwenyewe, baada ya msimu wa kwanza, alikusudia kuacha aende kwenye tamthilia za jukwaani. Alisimulia mara nyingi baadaye kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyemwambia kwamba kwa mara ya kwanza ulimwengu unawaona watu weusi jinsi wanavyostahili kuonekana. Akabaki, na taathira yake haikuwa ndogo: mwaka 1977 shirika la NASA lilimtumia kuwaita wanawake na watu weusi wajiunge na wanaanga, na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani mwaka 1992, alimtaja kuwa miongoni mwa waliomtia hamu tangu utotoni.

Kisha yakaja maendelezo: katuni ya 1973, filamu sita kati ya 1979 na 1991, na tamthilia mpya za kizazi kilichofuata, kuanzia 1987. Muendelezo, kwa tabia yake, hutazama mbele. Humchukua mtu kama alivyoachwa na kumuuliza atafanya nini sasa. Nasi wasomaji wa Kiswahili twaijua ladha yake, kwani Muhammed Said Abdulla alimwendeleza mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake kutoka Mzimu wa Watu wa Kale wa 1960 hata vitabu kadhaa vya baadaye, wala hatukuhisi upungufu kwa kutomwona Bwana Msa akiwa mtoto, maana Unguja yote ilikuwa imemzunguka. Uhura hakuzungukwa na kitu. Maendelezo yalimpandisha cheo, wala hayakumpa kwao.

Aliyempa kwao ni mtunzi wa kisa cha awali, yaani kile kinachotungwa baadaye ili kusimulia yaliyotangulia. Aina hii ina adui mkubwa: mtazamaji anajua khatima. Tamthilia ya Enterprise, iliyoanza 2001 na kurudi nyuma miaka mia, ilidumu misimu minne tu, na naamini sababu mojawapo ni kwamba ilijaribu kututia hofu juu ya dunia tuliyokwisha kuiona imesalimika. Faida ya kisa cha awali iko kwingine: iko katika nasaba. Filamu ya 2009, ambamo Uhura aliigizwa na Zoe Saldana, ndiyo ya kwanza kulitamka kwenye pazia jina Nyota, lililokuwa limependekezwa na mwandishi William Rotsler kitabuni mwaka 1982. Hatimaye, mwaka 2022, tamthilia ya Strange New Worlds ikamleta Celia Rose Gooding katika umbo la Uhura mwanafunzi, binti aliyelelewa Kenya, asemaye lugha 37, mwenye wazazi waliosomesha Chuo Kikuu cha Nairobi. Ilichukua miaka 56 kuulizwa swali ambalo bibi yeyote wa Kigogo angelimwuliza kabla ya kumkaribisha kigoda.

Hapa ndipo uchelewaji wetu ulipogeuka kuwa bahati. Mmarekani aliyeanza 1966 hana budi kuipachika Kenya juu ya mtu aliyemzoea bila Kenya. Kijana wa Ipagala anayeingiziwa tamthilia hii kwenye flashi leo hajapata kumjua Uhura asiye na kwao. Kwake yeye, Nyota ni jirani aliyekwenda mbali.

Walakini moyo wangu haujaridhika. Wazazi wale, pamoja na kaka yake, tunaelezwa habari zao na vifo vyao kwa pumzi moja, katika ajali ya chombo cha usafiri, na Kenya yenyewe yabaki maneno ya mezani, wakati wa chakula. Watunzi wamemfanyia nasaba na kuizika papo hapo. Kilichosalimika ni mahadhi ya wimbo wa kwao, ambayo binti huyo ayavumisha mbele ya nyotamkia, nayo ikamwitikia. Sehemu hiyo naihesabu kuwa bora kuliko zote za msimu ule.

Na mtazamaji wetu akiisha kuyaona hayo, kisha akarudi kwenye sehemu ya kwanza ya 1966, atakuta jambo ambalo watazamaji wa zamani walilipita upesi. Humo mna kiumbe mwenye uwezo wa kusoma fikira, mwenye njaa ya chumvi iliyomo miilini mwa watu, ajigeuzaye umbo kwa kufuata yule ambaye mhasiriwa anamtamani. Akimwendea Uhura hujifanya kijana mweusi, humwambia kwamba aonekana mpweke, na humsemesha Kiswahili. Mwaka 1966 hicho kilikuwa kionjo cha ajabu tu. Kwa anayemjua yatima wa Nairobi, kiumbe yule amesoma sawasawa: ameona binti aliyeko mbali na kila aliyewahi kumwita kwa lugha hiyo, akajua kwamba ndiyo itakayomfanya asimame na kusikiliza.