Kondishena Hailishi Nywele! Ijue Historia ya Ile Chupa ya Pili Bafuni

Wadau, kuna dada mmoja hapa mjini, jina kapuni, nywele zilianza kumkatika. Akanunua kondishena ya bei mbaya iliyoandikwa "lishe ya nywele", akawa anaisugua mpaka kwenye ngozi na kulala nayo. Wapi! Zikaendelea kukatika, na yeye akabaki anajilaumu eti ana nywele mbaya.

Nywele zake hazina kosa. Kosa liko kwenye hilo neno "lishe". Unywele ukishatoka nje ya ngozi umekufa. Hauli wala haunywi.

Bibi zetu wa pwani walipaka mafuta ya nazi bila kusoma kemia, na hawakukosea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta hayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Hiyo siyo lishe, ni ulinzi.

Mambo yalibadilika miaka ya 1930, shampuu za kemikali zilipoanza kuchukua nafasi ya sabuni huko Marekani. Zilitakatisha kwelikweli, ila ziliondoka na mafuta yote. Nywele zikabaki kavu, chanuo halipiti.

Dawa yake ilitokea mahali ambapo hakuna aliyewaza urembo. Mwaka 1935, mtafiti wa Ujerumani, Gerhard Domagk, alitangaza kwamba kemikali fulani zenye chaji chanya zinaua vijidudu. Ndugu wa kemikali hizo wakatumika pia kulainisha nguo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ukoo huohuo ukazoeleka kwenye chupa za nywele.

Sasa zinafanyaje kazi? Unakumbuka shule ya msingi, unasugua rula kichwani halafu inavuta vipande vya karatasi? Chaji tofauti huvutana. Unywele uliooshwa una chaji hasi, na palipoharibika ndipo chaji hiyo ilipo nyingi. Kemikali yenye chaji chanya inakwenda kunata hapohapo, mkia wake wa mafuta unabaki nje, chanuo linateleza. Ndiyo maana hata ukisuuza, haitoki yote. Geuza chupa yako usome nyuma: lile neno refu lenye "trimonium" ndilo lenyewe.

Kwa hiyo paka zaidi kwenye ncha, maana ndizo zilizochakaa. Subiri dakika chache, suuza. Kulala nayo hakuongezi lishe, maana lishe yenyewe haipo. Na kama nywele zinang'oka kwenye mzizi, au zinakatika kwa sababu ya dawa kali na misuko ya kubana, chupa haitakuokoa. Legeza msuko, pumzika dawa, na ngozi ikiuma au ikionyesha upara nenda kwa daktari wa ngozi.

Kondishena ni koti la mvua, jamani, siyo ugali.