Mtakatifu Yakobo alivyoshuka Kilwa

Mtu anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hulakiwa kwanza na jengo kubwa la mawe lililo ukingoni kabisa mwa maji. Wenyeji huliita Gereza. Kuta tunazoziona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya zama za Waarabu wa Oman, lakini zimebeba ndani yake mabaki ya ngome ya zamani zaidi, ambayo Wareno walianza kuijenga mwezi Julai 1505. Wao waliipa jina la Santiago.

Vijana wetu wa mjini wakisikia jina hilo, mawazo yao huenda moja kwa moja kwenye uwanja wa Real Madrid. Waliosoma jiografia watakumbuka mji mkuu wa Chile. Lakini jina ni moja tu, nalo ni la Mtakatifu Yakobo Mtume, mwana wa Zebedayo. Swali langu la wiki hii ni hili: Yakobo wa Galilaya alitafuta nini Kilwa?

Yakobo alikuwa mvuvi. Injili inasimulia kuwa siku aliyoitwa na Yesu alikuwa ndani ya chombo pamoja na nduguye Yohana na baba yao, wakitengeneza nyavu, kazi ambayo mtu wa Lindi au Kilwa Kivinje hahitaji kufafanuliwa. Ndugu hao wawili walikuwa na hamaki, hata wakapewa jina la Wana wa Ngurumo. Kijiji kimoja cha Wasamaria kilipokataa kuwapokea, walitaka moto ushuke kutoka mbinguni ukiteketeze. Yesu akawakemea. Naomba kisa hicho tukikumbuke, maana tutakihitaji mbele.

Mnamo mwaka 44 hivi, mfalme Herode Agripa alimuua Yakobo kwa upanga. Katika wale mitume Kumi na Wawili waliobaki na imani, yeye ndiye wa kwanza ambaye kuuawa kwake kumeandikwa katika Biblia. Historia yake tunayoweza kuitegemea inaishia hapo. Yanayofuata ni hekaya, na ni hekaya zilizotengeneza dunia.

Watu wa Hispania walisimulia kwamba mwili wake ulipakiwa katika jahazi, likasafiri hadi Galicia, pembe ya kaskazini magharibi ya nchi yao. Katika karne ya 9 likatangazwa kaburi, na juu yake ukakua mji wa Santiago de Compostela. Mahujaji wakamiminika kwa miguu kutoka Ulaya nzima, alama yao ikiwa gamba la kombe walilolishona kofiani au kwenye joho. Hadi leo sikukuu yake ni tarehe 25 Julai. Kanisani hubembezwa chetezo kikubwa mno kinachovutwa kwa kamba na wanaume wanane (watu wa pwani tunaojua chetezo tungestaajabu), na siku hiyo ikiangukia Jumapili, mwaka mzima huwa mtakatifu. Ilikuwa hivyo 2021.

Hayo yote hayana ubaya. Ubaya umo katika hekaya nyingine. Ilisimuliwa kwamba mwaka 844, katika vita vya Clavijo, mtume huyu alitokea juu ya farasi mweupe, upanga mkononi, akiwafyeka Waislamu. Wanahistoria wa leo wanasema vita hivyo havikutokea kabisa. Lakini uongo huo ulikwisha kufanya kazi yake. Mvuvi aliyekatwa kwa upanga akageuzwa kuwa mkata watu kwa upanga, na jina lake likawa ukelele wa vita. Vasco da Gama mwenyewe alikuwa mwanachama wa jeshi takatifu lililobeba jina hilo kabla hajaijua njia ya kuja kwetu.

Ndipo tufike Julai 1505. Meli nane za Francisco d'Almeida ziliingia bandari ya Kilwa tarehe 22. Mji huu haukuwa kijiji. Ibn Battuta aliyeuzuru mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na dhahabu ya Sofala ilikuwa imepita mikononi mwa masultani wake kwa muda mrefu. Aliyekuwa akitawala, Amir Ibrahim, hakwenda kumlaki mgeni. Alfajiri ya tarehe 24, mkesha wa sikukuu ya Yakobo, Wareno wakashuka na silaha. Amir akatoroka.

Masimulizi ya safari hiyo, ambayo hunasibishwa na Mjerumani mmoja aliyekuwemo katika msafara, Hans Mayr, yanaeleza kwamba mapadre wa Kifransisko walishuka na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa shukrani hadi kwenye jumba la mtawala. D'Almeida akasali. Baada ya sala, watu wote wakaanza kupora mji. Mpangilio huo si wangu, ndivyo alivyoupanga mwandishi wao wenyewe: msalaba, sala, halafu uporaji. Kesho yake, sikukuu ya mtume, ngome ikaanza kujengwa.

Je, Yakobo ndiye aliyekuja Kilwa? Aliyekemewa kwa kutaka kuchoma kijiji kimoja ndiye aliyebandikwa jina lake kwenye mizinga? La hasha. Mimi nasema aliyekuja ni yule wa Clavijo, ambaye hakupata kuwako.

Na watu wanajua kutofautisha. Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa Afrika, Mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo alidai kuwa Mtakatifu Yakobo alimtokea na kumpa ushindi dhidi ya ndugu yake. Wakongo wakaifanya 25 Julai sikukuu kubwa ya taifa lao, wakaisherehekea kwa karne nyingi. Kule mtakatifu aliingia kwa mlango wa mfalme wa nchi. Hapa aliingia kwa kuvunja mlango, na tarehe 25 Julai Kilwa hapigwi mtu ngoma kwa ajili yake. Maulidi yapo, Idi zipo. Krismasi iliyozoeleka Lindi, Nyangao na Ndanda ilikuja baadaye sana, kwa njia nyingine, na wamisionari wa kazi ya shule na hospitali.

Mtawala aliyewekwa na Wareno, Muhammad Ankoni, aliuawa mwaka uliofuata. Ngome yenyewe wakaihama mwaka 1512. Kilichobaki ni neno. Wataalamu wa lugha wanatueleza kwamba gereza linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Babu zetu walilisikia likitajwa ndani ya kuta zile, wakalitumia kwa kile walichokiona ndani ya kuta zile.

Kimebaki na kitu kingine, lakini hakiko Kilwa. Miaka mitatu kabla ya mashambulizi hayo, da Gama alikuwa amemlazimisha Amir Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu. Mfalme Manuel akaamuru dhahabu hiyo itengenezwe chombo cha kuwekea Ekaristi, kikakamilika mwaka 1506. Kipo Lisbon, katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, na watu hulipa kiingilio kukitazama. Katikati ya chombo hicho wamepiga magoti mitume kumi na wawili, wadogo kama vidole, wamenakshiwa kwa rangi. Mmoja wao ni Yakobo.