Ukaguzi wa Uwanja wa Ndege Unamzuia Nani?

Kati ya mwaka 1968 na 1972, katika anga la Marekani ndege zilitekwa au zilinusurika kutekwa zaidi ya mara 130. Abiria wa siku hizo alishuka kwenye teksi akaenda moja kwa moja hadi ngazi ya ndege bila mtu kumfungulia begi, na mtekaji alipita hapohapo na bastola yake. Wengi walitaka kupelekwa Kuba. Mashirika ya ndege yaliona nafuu kumtii mtekaji, kwenda Havana na kurudi, kuliko kuwapekua wateja wakaudhika. Hata liliwahi kuzungumzwa, bila mzaha, wazo la kujenga Florida kiwanja bandia chenye sura ya kile cha Havana ili watekaji wadhani wamefika. Gharama ndiyo iliyoliua. Kilichojaribiwa badala yake, kuanzia 1969, ni orodha ya dalili za tabia iliyoandaliwa na mwanasaikolojia John Dailey. Wafanyakazi wa kaunta waliwatazama abiria, na ni wale wachache tu waliotiliwa shaka waliofuatiliwa zaidi kwa mashine ya kutambua chuma. Utekaji haukukoma.

Mambo yalibadilika Novemba 1972. Watu watatu waliiteka ndege ya Southern Airways, wakadai dola milioni 10, na wakatishia kuiangusha juu ya kituo cha nyuklia cha Oak Ridge, Tennessee. Hapo hoja ya kumtii mtekaji ikakosa pa kusimama, maana ndege yenyewe ilikuwa imeshageuzwa silaha. Kuanzia 5 Januari 1973, kila abiria na kila mzigo wa mkononi ulitakiwa kukaguliwa, na mwaka huohuo utekaji ukaporomoka kutoka makumi ya matukio hadi machache mno. Mwaka 1978 mchumi William Landes alichapisha uchambuzi wake wa miaka hiyo, akakadiria kwamba ukaguzi, pamoja na hofu ya kukamatwa, ulizuia makumi ya matukio kati ya 1973 na 1976. Nje ya Marekani tatizo liliendelea. Tanzania ililionja Februari 1982, ndege iliyoondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilipoishia Stansted, Uingereza, mikononi mwa vijana wenye silaha waliomtaka Nyerere ajiuzulu.

Mwenye shaka atauliza kama sifa hiyo si ya Kuba, kwa kuwa Februari 1973 Havana na Washington zilikubaliana kuwarudisha au kuwaadhibu watekaji. Makubaliano hayo yalisaidia, lakini hayatoshi kueleza yote. Kufikia 1972, baada ya yule mtu aliyejulikana kama D. B. Cooper kuruka kwa mwavuli na dola 200,000, watekaji wengi walikuwa wanatafuta fedha, na Kuba haikuwahusu. Hao nao walipungua. Kweli, kifaa kidogo kilichozuia ngazi ya nyuma ya Boeing 727 isifunguke angani kiliwaharibia mpango, ila kifaa hicho hakimzuii mtu kupanda na bunduki. Kilichomzuia ni mlango wa kutambua chuma. Watu wale hawakuwa makomando. Wengi walikuwa watu waliokata tamaa wakitumia silaha iliyokuwa karibu nao, na kizuizi chepesi kiliwatosha.

Mtu wa bomu ni habari nyingine. Mwaka 1985 ndege ya Air India iliangushwa juu ya Atlantiki, wakafa watu 329, na mwaka 1988 Pan Am ilipasuka juu ya Lockerbie, wakafa 270. Mabomu yote mawili yalikuwa ndani ya masanduku yaliyopakiwa tumboni mwa ndege huku wenyewe hawakupanda, kwa hiyo kumpekua abiria kusingesaidia kitu. Na mnamo 11 Septemba 2001 kanuni ziliruhusu visu vyenye makali yasiyofika inchi 4. Baadhi ya watekaji walitiliwa alama na kompyuta, lakini alama hiyo ilihusu mizigo yao ya kupakia tu. Lango lilifanya kile lilichoagizwa.

Pingamizi kubwa zaidi lilikuja 2015, ilipofahamika kwamba wapimaji wa serikali ya Marekani walipitisha silaha na vilipuzi bandia mara 67 katika majaribio 70. Ukilihesabu lango kama wavu, wavu huo umeoza. Lakini mpimaji akikamatwa hurudi nyumbani; mshambuliaji halisi ana nafasi moja, naye hajui mashine itaona nini. Kwa hiyo hulazimika kuficha bomu dogo, lisilo na chuma, gumu kuwasha. Richard Reid mwaka 2001 na Umar Farouk Abdulmutallab mwaka 2009 walipita langoni, kisha vilipuzi vyao vikakataa kulipuka ipasavyo, na abiria wenzao wakawadhibiti. Ukaguzi haukuwakamata, ila ulikuwa umeshawapunguzia uwezo kabla hawajafika.

Hoja hiyo hailindi kila tabaka lililoongezwa baadaye. Mpango wa kusoma nyuso na mienendo ya abiria, mjukuu wa orodha ya Dailey, ulikuwa umekula takriban dola milioni 900 kufikia 2013, mkaguzi wa Bunge la Marekani aliposhauri fedha zake zipunguzwe kwa kukosa ushahidi. Kuvua viatu kulifanywa lazima huko 2006 na kukaondolewa Julai 2025. Nchi nyingi hazikuwahi kulazimisha jambo hilo, na huko pia hakuna ndege iliyoangushwa kwa kiatu.

Udhaifu ulio wazi zaidi sasa haupo upande wa abiria. Februari 2016 ndege ya Daallo ilipoondoka Mogadishu, kilipuzi kilichofichwa ndani ya kompyuta ya mkononi kilitoboa ubavu wake. Ilikuwa bado haijapanda juu sana, ikarudi salama, akafa mlipuaji peke yake. Picha za kamera zilionyesha wafanyakazi wa uwanja wakimkabidhi kompyuta hiyo akiwa ameshavuka ukaguzi. Mashine mpya langoni isingeiona. Kumchunguza mfanyakazi kabla ya kumpa kitambulisho, na kumkagua kila anapoingia kazini, kungegharimu kidogo kuliko mashine hiyo, ila abiria aliyepanga foleni asingeona kitu, na pengine ndiyo sababu viongozi hawaharakishi.