Japani: Nani aliyefunga mlango wa mahakama?

Wajapani wana kisa wanachokipenda cha hakimu wa Edo, mji ambao leo tunauita Tokyo. Mpiga lipu mmoja aliokota pochi njiani, ndani mna ryo 3 za dhahabu na karatasi yenye jina la mwenyewe, fundi seremala. Akampelekea. Seremala akakataa kuzipokea, akisema pesa ikishamdondoka mtu si yake tena. Mpiga lipu akaona amevunjiwa heshima, kwani hakwenda pale kutafuta cha bure. Maneno yakazaa ngumi, na ngumi zikawafikisha wote wawili mbele ya Ooka Tadasuke.

Ooka akawasikiliza, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ryo 1 yake. Zikawa 4. Akampa kila mmoja 2. Seremala alidondosha 3, akapata 2. Mpiga lipu angeweza kuondoka na 3, akapata 2. Hakimu naye katoa 1. Watu watatu, hasara ya ryo moja moja, shauri limekwisha.

Kisa hicho ni cha wasimulizi wa vichekesho vya jukwaani, lakini Ooka alikuwa mtu wa kweli. Alikuwa mmoja wa wakuu wa mji wa Edo kuanzia 1717 hadi 1736, akiwa mtawala, polisi na hakimu kwa pamoja. Visa vya namna hiyo vimesaidia kujenga sifa inayowafuata Wajapani hadi leo: kwamba ni watu wa mapatano, wasiopenda kushtakiana, na kwao kufika mahakamani ni aibu kwa aliyeshinda kama kwa aliyeshindwa.

Tatizo ni hesabu za ofisi ya Ooka yenyewe. Mwaka 1718, mwaka mmoja tu baada ya yeye kukalia kiti hicho, wakuu wa mji wa Edo walipokea mashauri zaidi ya 35,000. Kati ya hayo, zaidi ya 33,000 yalikuwa ya madeni. Wafanyabiashara walitaka fedha zao, na hawakuona haya kuzidai mbele ya serikali. Mjini kulikuwa hata na nyumba za wageni maalumu, zikiitwa kujiyado, kwa ajili ya watu wa vijijini waliokuja na kesi. Mwenye nyumba alimpa mgeni chumba na chakula, akamwandikia hati, akamweleza taratibu na kumsindikiza hadi kwa makarani. Biashara kama hiyo haistawi katika nchi isiyo na wagomvi.

Serikali ilizidiwa. Mwaka 1719 Yoshimune, shoguni yaani mtawala wa kijeshi wa nchi, alitoa amri kwamba ofisi zake hazitapokea tena mashauri ya mikopo, anayedai na anayedaiwa wakakutane uso kwa uso na kumalizana wenyewe. Amri hiyo iliwapa nafuu makarani. Iliwapa nafuu zaidi wadaiwa, wakiwamo samurai wa shoguni waliokuwa wamezama katika madeni ya wafanyabiashara. Ilifutwa mwaka 1729. Kwa miaka 10 hiyo mkopeshaji wa Edo alitafuta mapatano kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Jambo hilo lingejirudia, kila mara kwa sura mpya.

Baada ya utawala wa mashoguni kuanguka mwaka 1868, Japani ilijenga mahakama na sheria kwa mfano wa Ulaya. Mwaka 1875 ikaanzisha usuluhishi wa mahakamani uitwao kankai, kwa kuiga Ufaransa. Watu walimiminika. Mwaka 1883 pekee yalifunguliwa maombi zaidi ya milioni moja, mengi yakiwa ya madeni, wakati uchumi ulikuwa umebana na wakulima wanapoteza mashamba.

Kisha ikaja miaka ya 1920. Wapangaji wa mijini walikuwa wanavutana na wenye ardhi, wakulima wanagomea kodi za mashamba, wafanyakazi wanagoma viwandani. Watawala waliogopa kwamba kila mnyonge akisimama mahakamani na kutamka neno haki, mpangilio wa zamani wa mkubwa na mdogo utabomoka. Jibu lao liliitwa chotei, yaani usuluhishi unaosimamiwa na mahakama lakini unaoweka sheria kando. Sheria ya kwanza, ya wapangaji wa ardhi na nyumba, ilitungwa mwaka 1922. Mwaka uliofuata, Septemba mosi, tetemeko kubwa la ardhi liliteketeza Tokyo na Yokohama, na maelfu ya watu wakajenga vibanda juu ya majivu ya viwanja vya kupanga. Chotei ikapata kazi kabla wino wake haujakauka. Mwaka 1924 ikafika mashambani, 1926 viwandani na kwenye biashara, 1932 kwenye madeni madogo, 1939 ndani ya familia. Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, ilipanuliwa kufikia mashauri yote ya madai.

Hata jaji aliruhusiwa, katika baadhi ya mashauri, kutoa uamuzi wake na kuuita suluhu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1960 ndipo Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kumlazimisha mtu suluhu ni kumnyima haki yake ya kikatiba ya kusikilizwa mahakamani.

Chotei isiyolazimisha suluhu ingali hai, na ina faida zake. Mume na mke waliokosana Japani hawaruhusiwi kukimbilia kesi ya talaka, ni lazima wapitie kwanza chotei katika mahakama ya familia. Hakuna kizimba wala joho. Kuna chumba kidogo, meza, na wasuluhishi wawili, kwa kawaida mwanamume na mwanamke, watu wazima walioyaona mengi. Mke huingia, akaeleza, akatoka. Mume naye huitwa kutoka chumba kingine cha kusubiria. Wanapishana hivyo, mwezi hata mwezi, hadi wakubaliane au wachoke. Wengi hawafiki hata hapo. Karibu talaka 9 katika kila 10 humalizwa kwa wawili hao kujaza fomu, mashahidi wawili wakatia saini, ikapelekwa ofisi ya manispaa.

Aliyeifanya tabia hii ya kukwepa mahakama kuwa nadharia ni Kawashima Takeyoshi, profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo na mmoja wa waasisi wa sosholojia ya sheria nchini humo. Katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1967 kuhusu Wajapani na sheria, alieleza kwamba sheria walizoazima Ulaya zimekaa juu ya jamii ambayo bado inahesabu uhusiano kabla ya haki. Mfano wake ulieleweka na kila mfanyabiashara: mikataba ya Kijapani mara nyingi humalizika kwa kifungu kisemacho kwamba likizuka jambo, pande zote zitajadiliana kwa moyo safi. Kawashima hakulisifu hilo. Aliona ni mabaki ya zamani yatakayoyeyuka kadiri nchi inavyoendelea.

Mwaka 1978 msomi wa sheria Mmarekani, John Haley, alimjibu kwa makala iliyotikisa fani nzima. Alionyesha kwamba kabla ya vita Wajapani, kwa uwiano wa idadi yao, walishtakiana zaidi kuliko baada ya vita. Kama utamaduni ndio sababu, mababu wangekuwa waoga zaidi kuliko wajukuu. Yeye alinyooshea kidole milango ya mahakama: majaji wachache, kesi zinazochukua miaka, na ada inayopanda kadiri dai linavyokuwa kubwa. Mawakili nao walikuwa haba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 ilipitisha kama watu 500 tu kwa mwaka katika mtihani wa kuingia kwenye uwakili na ujaji.

Gharama ya mlango uliofungwa ilionekana Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa nchi. Mwaka 1956 iligunduliwa kwamba watu waliokula samaki wa ghuba hiyo wanatetemeka, wanapoteza macho na akili, wanakufa. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kinamwaga zebaki baharini. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda alimlisha paka maji taka ya kiwanda, paka akaugua ugonjwa uleule. Kampuni ikalificha jambo hilo. Mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo, wagonjwa maskini walioketi nje ya geti kudai haki yao walikalishwa mezani na wapatanishi, akiwamo gavana wa mkoa. Wakatia saini mkataba wa pesa za pole: yeni 300,000 kwa aliyekufa. Ndani yake mlikuwa na kifungu kwamba hata ikija kuthibitika kiwanda ndicho chanzo, hawatadai tena.

Kwenye karatasi, hiyo ilikuwa suluhu. Mwaka 1969 baadhi ya familia zilikwenda mahakamani huku majirani wakiwanunia, maana kampuni ndiyo iliyolisha mji. Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliubatilisha mkataba ule kwa kuwa unakwenda kinyume cha maadili ya jamii, na kuamuru fidia iliyofika hadi yeni milioni 18 kwa mtu.

Haimaanishi kwamba shinikizo la jamii ni hadithi tu. Mwaka 1977 huko Suzuka, mama mmoja alikwenda dukani akimwacha mwanawe wa miaka 3 kwa majirani. Mtoto akazama kwenye bwawa la karibu. Wazazi walishtaki, na mwaka 1983 mahakama ikawataka majirani walipe yeni milioni 5 na ushei. Habari ilipotoka magazetini, simu na barua za matusi ziliwamiminikia wazazi hadi wakaiondoa kesi. Majirani waliokata rufaa nao wakatukanwa vilevile. Wizara ya Sheria ililazimika kutoa tamko kwamba kushtaki ni haki ya kila raia.

Lakini tazama kilichotokea mlango ulipofunguliwa kidogo. Baraza la mageuzi ya sheria lilipendekeza mwaka 2001 kuongeza mawakili, na vyuo vipya vya sheria vikaanza 2004. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu iliyowawezesha wakopaji kudai riba waliyotozwa kupita kiwango cha sheria. Mawakili wakajitangaza hadi ndani ya mabehewa ya treni. Kesi mpya za madai katika mahakama za wilaya, zilizokuwa kama 130,000 mwaka 2005, zikapanda hadi zaidi ya 235,000 mwaka 2009. Walikuwa Wajapani walewale, wajukuu wa waliojazana kwenye ofisi ya Ooka mwaka 1718. Tofauti ni kwamba sasa walijua watashinda, na walikuwa na mtu wa kuwasimamia.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia taifa lolote linasifiwa kwamba watu wake hupenda kuyamaliza mambo nyumbani, usikimbilie kusifu mila zao. Uliza kwanza wana majaji wangapi, kesi huchukua muda gani, ada ni kiasi gani, na nani aliyefaidi ile suluhu ya mwisho. Pale Minamata, aliyefaidi hakuwa mvuvi.