Brune ya Kamalondo, brune ya Kenya, na yule "Student" wa jedwali letu

Kila mtu aliyepita ku agronomie analijua jedwali la Student. Tumelibeba ku examen, tumelitumia ku mémoire, wengine wamelisahau siku ile ile ya défense. Lakini ukiuliza mu auditoire huyo Student alikuwa nani, wengi watakujibu ni profesa mmoja wa zamani, basi. Hapana. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pombe, na pombe yenyewe ilikuwa nyeusi kama makaa. Leo ninawapa historia hiyo, kwa sababu kwangu ilianzia ku buvette, na inatuhusu sisi vijana wenye diplôme kuliko tunavyofikiri.

Mnajua ubishi wa Lubumbashi. Kamalondo ni mzee, Kenya ni mdogo wake, na kila commune inasema kwake ndiko kuzuri. Ubishi unagusa mpira, unagusa muziki, unafika paka ku chupa. Rafiki mmoja alikuwa anarudilia kila juma: "Brune ya ku Kamalondo njo ya kweli. Kule Kenya banakunywa maji." Chupa ni Tembo ile ile, kiwanda ni kile kile. Namna gani iwe na ladha mbili? Hata hivyo jambo halikuwa la kijinga. Pombe ikikaa ku jua inaharibika, joto linaizeesha mbio, na frigo ya baridi kali inalalisha ulimi hata usisikie tena ule uchungu wa nafaka iliyochomwa. Kwa hiyo buvette mbili zinaweza kuuza chupa moja na kukupa vinywaji viwili.

Tukaamua kupima. Tulikuwa wanne. Tulichagua buvettes tano za Kamalondo na tano za Kenya, tukazizunguka kwa Jumamosi tatu, chupa moja kwa watu wanne, ili hesabu ibaki hesabu. Kila mmoja aliandika alama yake juu ya 10 bila kumwonyesha mwenzake: povu, harufu, uchungu, na ile ladha inayobaki mdomoni nyuma ya kumeza. Halafu tukatoa wastani wa kila buvette na kuupeleka ku namba nzima iliyo karibu. Mama mmoja wa buvette alituangalia na cahiers zetu, akacheka: "Banangu, bière ni ya kukunywa, haiko ya kuandika."

Kamalondo ilipata 7, 8, 6, 7 na 9. Wastani ni 7,4. Kenya ilipata 6, 7, 7, 6 na 8. Wastani ni 6,8. Rafiki yetu akaruka kwa furaha: "Munaona? Nilisema!" Mtu asiyesoma angefunga ubishi pale pale. Lakini angalieni vizuri namba zile. Ndani ya Kamalondo peke yake kuna 6 na kuna 9. Kama tungebadilisha buvette moja tu, wastani ungehama. Swali la kweli ni hili: ile 0,6 iliyotenganisha commune mbili ni tofauti ya kweli, ao ni bahati ya buvettes tulizoangukia?

Ni hapo Student anapoingia. Unachukua tofauti, 0,6, unaigawa kwa kipimo cha mtawanyiko wa alama zetu, ambacho hapa ni 0,63. Unapata 0,95. Unaenda ku jedwali, mstari wa degrés de liberté 8, kiwango cha 5 kwa mia: linakuomba kufika 2,306. Sisi tuko 0,95. Maana yake alama zetu kumi hazitoshi kusema Kamalondo inapita Kenya. Hazisemi pia kwamba ziko sawasawa. Zinasema paka kwamba ushahidi haujafika. Rafiki yetu hakufurahi. Anasema jedwali halijawahi kuishi Kamalondo.

Sasa tutoke Lubumbashi kidogo, twende kule jedwali lilikozaliwa.

Pombe nyeusi ya namna hii ilianza London, mu miaka ya 1700. Waliokuwa wanaikunywa sana ni wapagazi, wale wa kubeba mizigo barabarani na ku bandari ya mto Thames. Kwa Kiingereza mpagazi anaitwa porter, na pombe ikachukua jina la wateja wake. Ile iliyokuwa na nguvu zaidi waliiita stout porter, ni kusema porter kali. Nyuma neno la pili likaanguka, ikabaki stout. Kwa hiyo stout haikuzaliwa mu nyumba za wakubwa. Ni kinywaji cha watu wa kubeba.

Weusi wake una historia yake. Zamani kimea cha shayiri, ni kusema shayiri iliyooteshwa halafu ikakaushwa, kilikaushwa ku moto mpaka kinakuwa kahawia. Kilitoa rangi, lakini kilitoa sukari kidogo, na bila sukari hakuna pombe. Mu mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma la kuchomea kimea kwa kuzungusha, kama vile mama anavyokaanga kahawa. Tangu hapo wapishi wa pombe walitumia kimea cheupe kwa kupata sukari, na kidogo tu cha kile cheusi kwa kupata rangi na uchungu. Ni mambo ya rendement, tungesema sisi.

Ku Dublin, mu Irlande, Arthur Guinness alikuwa amekodi kiwanda mu mwaka 1759, kwa mkataba wa miaka 9000, pauni 45 kwa mwaka. Mu 1801 kiwanda kilikuwa na porter ya kusafirishwa ku visiwa vya Caraïbes, yenye hopi nyingi na nguvu nyingi ili isiharibike ku meli. Mu 1827 pombe yake ilifika Sierra Leone. Kwa hiyo stout imejuana na Afrika tangu siku za matanga, mbele hata mji wetu uzaliwe mu 1910.

Kufika mwisho wa miaka ya 1800, kiwanda kile cha Dublin kilikuwa kikubwa sana, na wakubwa wake wakafanya jambo moja la mayele: walianza kuajiri vijana waliotoka moja kwa moja ku université, wenye diplôme za sayansi. Mu 1899 alifika mmoja, William Sealy Gosset, miaka 23, aliyesoma chimie na mathématiques ku Oxford. Hebu jiulizeni walimpa kazi gani. Si kuonja. Walitaka kujua shayiri gani inunuliwe, aina gani ipandwe ku mashamba ya wakulima wa Irlande, na namna gani pombe ya leo ifanane na ya jana.

Tatizo lake ndilo letu. Wataalamu wa hesabu wa wakati ule walizoea namba nyingi, mamia kwa maelfu. Gosset alikuwa na parcelles chache, maana shamba ni gharama na msimu ni mmoja kwa mwaka. Aina moja ya shayiri inatoa vizuri ku shamba hili, inaanguka ku lile. Ni aina ya mbegu ao ni udongo? Ni ubishi wa Kamalondo na Kenya, paka kwamba nyuma yake kulikuwa pesa za kiwanda na chakula cha wakulima. Mu 1906 kiwanda kilimtuma London, kwa Karl Pearson, akajifunze zaidi. Mu 1908 akatoa makala juu ya namna ya kuamua kwa kutumia namba chache. Kiwanda hakikupenda wafanyakazi wake watoe siri kwa majina yao. Kwa hiyo alijiita Student, mwanafunzi. Mu 1925 Ronald Fisher aliiweka hesabu ile mu kitabu chake cha watafiti, na kutoka hapo ikaenea ku stations za kilimo dunia nzima, ikafika mpaka ku syllabus yetu. Gosset alikufa mu 1937 akiwa bado mtu wa kiwanda.

Kuna sehemu ya pili, na hiyo iko Afrika. Mu 1962 kiwanda cha Guinness kilifunguliwa Ikeja, Lagos. Wanigeria waliipenda stout mpaka ikawa kama yao. Lakini shayiri haikubali vizuri joto la kule. Kimea kilikuwa kinatoka ng'ambo, kwa dola. Mu 1988 serikali ilikataza kuingiza kimea cha shayiri. Viwanda vilibaki na njia moja: mtama na mahindi ya nchi. Wakemia na ba-agronome walirudi kazini, kutafuta mtama gani unaota vizuri, unatoa sukari ya kutosha, na namna gani ya kuupika. Mtu alikunywa stout yake Lagos, na ndani mlikuwa mtama wa wakulima wa nchi yake.

Na sisi? Mama zetu hawakungoja Dublin. Kutengeneza munkoyo, wanapika uji wa mahindi na kutia mizizi, na ile mizizi njo inavunja wanga kuwa sukari, kazi ambayo Wazungu wanaifanya kwa kimea. Hiyo ni biochimie, hata kama hakuna aliyeiandika ku tableau. Tuko na mayele ya nafaka. Lakini bukari ya Lubumbashi inaendelea kutegemea mahindi ya kutoka Zambia. Mpaka ukifungwa, bei inapanda na kila nyumba inasikia. Na wakati huo huo licence zetu ziko mu farde, tunangoja tangazo la kazi.

Ninachosema ni hiki. Gosset alikuwa licencié kama sisi, na hesabu yake ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye namba chache. Haihitaji laboratoire kubwa. Chukua mbegu mbili za mahindi, ile ya mama yako wa kijiji na ile ya dukani. Omba wakulima watano ku Kipushi ao ku Kasenga, kila mmoja akupe vipande viwili vidogo vya shamba moja, mbegu moja huku, nyingine kule. Ku mavuno pima kilo, toa tofauti ya kila shamba, fungua jedwali mstari wa 4. Pale inaomba 2,776. Ukifika, unaweza kusimama mbele ya chama cha wakulima na kusema neno lenye uzito. Usipofika, utaongeza mashamba ku msimu unaofuata, na hakuna aliyedanganywa.

Kuhusu Kamalondo na Kenya, ubishi hauna mwisho, na nauli ni ndogo. Mahindi je? Mvua za kwanza zinaanza Oktoba. Anayetaka tupime pamoja aniandikie mbele ya Septemba, na aje na majina ya wakulima watano.