Skwota wa Tulpehocken

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, niliingilia kazi za mtandaoni. Mwaka jana mama mmoja wa Pennsylvania, Marekani, alitaka nimwandikie historia ya ukoo wake, kurasa kumi za kusomwa kwenye mkutano wa familia. Babu yao wa kwanza kule, alisema, ni Conrad Weiser. Alituma nusu ya malipo, nikalipa kodi ya keja, nikanunua bando, nikaanza kuchimba.

Kumpata Weiser hakukuwa na shida, kwa sababu mwenyewe aliacha maandishi mengi. Alizaliwa 1696 katika kijiji cha Affstätt, Württemberg. Baridi kali ya 1709 iliua mizabibu, na mwaka huohuo mamake akafa. Babake akakusanya watoto wakaelekea London, ambako maelfu ya Wajerumani maskini walikuwa wamefurika. Mwaka 1710 Waingereza walisafirisha karibu 3,000 kati yao hadi New York, wakachemshe lami ya misonobari kwa ajili ya meli za kivita. Mamia walifia safarini. Mradi wa lami ukafeli, gavana akaacha kuwalisha.

Wengi wakahamia bonde la Schoharie, wakaelewana na Wamohawk. Conrad, kijana wa miaka 16, alipelekwa kukaa nao miezi kadhaa, akajifunza lugha yao kwa njaa na baridi. Lakini karatasi za ardhi ile zilikuwa mikononi mwa matajiri wengine. Wajerumani wakaambiwa wanunue, wakodi ama waondoke. Babake Conrad alivuka bahari hadi London kudai haki, akaishia jela kwa deni.

Hiyo stori naijua, bana. Nyanyangu alizaliwa kwenye shamba la mzungu karibu na Molo. Babake alikuwa skwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndiyo aruhusiwe kuishi na kulima pale. Kwa hivyo nilimpenda Weiser. Skwota mwenzetu.

Halafu nikafika Tulpehocken.

Mwaka 1723 familia kadhaa za Schoharie zilishuka Mto Susquehanna hadi bonde hilo la Pennsylvania. Weiser, mkewe Anna Eve na watoto waliwafuata 1729. Ardhi ilikuwa ya Walenape, na hakuna aliyekuwa amewalipa. Mwaka 1728 kiongozi wao, Sassoonan, alikwenda Philadelphia kulalamika. Ilinunuliwa rasmi 1732, walowezi wakiwa tayari wanavuna. Weiser akawa mkalimani mkuu wa Pennsylvania kwa mataifa ya Iroquois, na mikataba aliyosaidia kufanikisha iliwapa Wairoquois sauti juu ya ardhi ya Walenape. Walenape wakazidi kusukumwa magharibi. Ukoo wa Weiser ukapanda: bintiye Anna Maria aliolewa 1745 na mchungaji Henry Muhlenberg, na kati ya watoto wao Peter akawa jenerali, Frederick akawa spika wa kwanza wa Bunge la Wawakilishi la Marekani.

Niliandika yote. Mama yule akajibu kwa upole: kazi safi, ila aya ya Sassoonan tuitoe, huu ni mkutano wa furaha. Nusu ya pili ya malipo ilikuwa bado, na kodi ilikuwa imefika tena.

Nikampigia nyanya. Nilimuuliza jina la mzungu wa Molo, akalitaja papo hapo, pamoja na la mbwa wake.

"Na kabla ya mzungu, nani alikuwa pale?"

"Wamaasai. Na Waogiek msituni. Mbona unauliza?"

Sikumjibu vizuri. Baada ya uhuru familia yetu ilipata ekari tano hukohuko, kwenye skimu ya makazi. Kila Krismasi tunasimuliana jinsi babu alivyoteseka hadi akazipata. Wamaasai na Waogiek hawajawahi kutajwa mezani.

Nilimwandikia mama yule kwamba aya nimeiacha; akitaka itoke, aitoe kwa mkono wake. Pesa zilikuja, pungufu. Kama aliisoma au aliifuta, hakuniambia.

Sasa naandika ya kwetu, bila malipo. Krismasi hii nitaisoma mezani, na sentensi ya kwanza inaanza kabla ya babu.